Kijiti Kimoja, Vipimo Viwili

Leo nimeleta neno ambalo huenda wengine watasema halina mahali katika kipindi hiki. Nataka tuzungumze juu ya kupima oili katika injini ya mashine ya kukatia nyasi, ile mashine kubwa ambayo mtu huketi juu yake na kuiendesha kama trekta dogo. Msizime redio. Natumaini hata mama ambaye hajaigusa mashine hiyo maishani mwake ataona kwamba jambo hili lamhusu, kwa maana yamkini mashine yenyewe ilinunuliwa kwa mchango wake.

Yako makanisa na shule zenye viwanja vikubwa hata fyekeo halitoshi tena. Mvua ya masika ikianza Machi, na ile ya vuli ikianza Oktoba, nyasi huota usiku na mchana, na wiki mbili zikipita bila kukatwa watoto hawauoni mpira wao. Huku nyanda za juu shida ni zaidi, kwa sababu ya yale majani mazito yatambaayo ambayo dunia nzima huyaita kwa jina la Wakikuyu. Asili yake ni hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, kisha yakapelekwa Afrika Kusini, Australia, hata California, na huko nako watu wanayasifu na kuyalalamikia kama sisi. Kuyakata si mchezo. Injini huguna kama mtu apandaye mlima na gunia la viazi mgongoni. Basi injini ifanyayo kazi kama hiyo yataka kutazamwa, na jambo la kwanza la kutazamwa ni oili.

Injini hiyo si kama ya gari. Gari lina rejeta na maji ya kuipoza injini yake. Hii yetu kwa kawaida haina maji. Hupozwa na upepo wa feni iliyo juu yake, na kwa oili. Na oili yenyewe ni kidogo. Injini ya silinda moja huchukua kama lita moja na nusu hivi, na ya silinda mbili huchukua karibu lita mbili. Ukipungukiwa na nusu lita katika injini ya lita moja na nusu, theluthi nzima ya oili imekwenda. Hiyo iliyobaki ndiyo italainisha pistoni, ndiyo italinda beringi, ndiyo itabeba joto na uchafu wote. Kisha mwendeshaji anapanda nayo kwenye mteremko nyuma ya kanisa, oili inakimbilia upande mmoja, na pampu inavuta hewa badala ya oili. Chuma kinasagana na chuma kingine. Konrodi ikikwama na kukatika, mara nyingine hutoboa ubavu wa injini, na hapo fundi hana la kufanya ila kutikisa kichwa.

Hayo ya kupungua watu wengi wanayajua. Yasiyojulikana sana ni ya kuzidi. Sisi ni watu wa ukarimu. Mgeni akija humjazia kikombe mpaka pomoni, na tukimimina nusu tunaona haya. Injini si mgeni. Ukiijaza kupita alama, krankishafti inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika inaanza kuipiga oili kama mama apigavyo mayai kwa uma. Oili inakuwa povu, na povu halilainishi vizuri. Nyingine inapanda kupitia tundu la kupumulia, inaingia katika chujio la hewa na kabureta, plagi inachafuka, moshi unatanda uwanjani. Wenye mashine wanasema, "Injini imekufa, pistoni zimekwisha." Kumbe hazijaisha, imenyweshwa mno.

Basi mtu afanyeje ili apime kwa kweli?

Kwanza mahali. Iendeshe mashine mpaka mahali palipo tambarare kabisa, si pale penye kivuli tu. Oili iko katika bakuli lililo chini ya injini, bakuli pana lisilo na kina kirefu, na kijiti cha kupimia kimewekwa upande mmoja wa bakuli hilo. Gurudumu moja likiwa limepanda jiwe au limezama shimoni, oili huinama upande mmoja kama maji katika sahani iliyoinuliwa, na kijiti kitakwambia habari za upande wake tu. Sakafu ya ukumbi wa kanisa au veranda ya simiti yafaa sana. Teremsha visu, vuta breki, zima injini, kisha uondoe ufunguo uutie mfukoni, maana watoto wa Shule ya Jumapili hawaachi kitu.

Pili wakati. Asubuhi kabla mashine haijawashwa ndiyo saa bora kuliko zote. Usiku kucha oili yote imeteremka na kutulia. Mashine ikiwa imetoka kazini, oili nyingi bado imeshikamana juu, katika chujio lake na katika njia zake ndani ya injini, na ukipima mara hiyo utaona imepungua kumbe haijapungua. Ngoja dakika kumi hivi. Wakati huo uutumie kwa kitu chenye faida: chukua brashi au kitambaa usafishe pande zote za kifuniko cha kijiti. Mashine hii hufanya kazi ndani ya vumbi na vipande vya majani, navyo hujirundika pale pale. Ukikivuta kijiti bila kusafisha, uchafu huo unaanguka ndani, nawe umeingiza mchanga katika beringi kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa vuta kijiti. Hicho alichokionyesha mara ya kwanza usikiamini, kwa maana oili ilikuwa imerukaruka na kupaka kila mahali. Kifute kwa kitambaa safi, kisicho na nyuzi zinazotoka, ukirudishe, ukivute tena, ndipo usome. Kishike ncha ikiwa chini. Wako watu hukiinua juu ili wakione vizuri, na oili inatiririka kuelekea mkononi, nao husoma mtiririko huo kana kwamba ndiyo kipimo. Kitazame pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja hukwaruza ukuta wa bomba ukapakwa oili juu zaidi. Uamini upande ulio chini, na pale ambapo oili imekata mstari mmoja ulionyoka. Oili ikiwa mpya kabisa haionekani kwa urahisi, ni kama maji. Kigeuzegeuze kwenye mwanga, au ukiguse polepole juu ya karatasi nyeupe, doa litakuonyesha inapoanzia. Kisha rudia tena. Vipimo viwili vikipatana, umepata. Visipopatana, pima cha tatu.

Alama ni mbili. Ya chini husema ongeza, ya juu husema imejaa. Mashine nyingine zina vitundu viwili, nyingine zina michoro ya kukatizana baina ya alama. Oili ikiwa popote kati ya hizo mbili, mashine yaweza kufanya kazi, ingawa mimi mwenyewe napenda iwe karibu na ile ya juu kabla ya kuanza siku ndefu.

Nilisema ukirudishe kijiti. Hapo ndipo penye jambo lililonifanya nije na habari hizi leo, nami nitalieleza kwa kisa.

Miaka michache iliyopita kanisa moja la nyanda za juu lilifanya harambee na kununua mashine ya namna hii. Mashine ilikuwa na watumiaji wawili. Wa kwanza ni kijana aliyeajiriwa kuwa mtunza kanisa, naye alikata nyasi Jumatatu na Jumanne. Wa pili ni mzee wa kanisa, mstaafu, mtu aliyeheshimiwa na wote, ambaye kwa hiari yake alikuja kila Jumamosi alasiri kuunyosha uwanja ili Jumapili uwe safi. Hakulipwa hata senti. Wote wawili walikuwa waangalifu, na kila mmoja alipima oili kabla ya kuwasha.

Mzee alipima Jumamosi, akaona imepungua, akaongeza karibu robo lita. Kijana alipima Jumatatu, akaona imepita alama, akalegeza mfereji wa chini akaitoa ile iliyozidi ndani ya jerikeni safi na kuiweka stoo. Jumamosi mzee akaona tena imepungua. Jumatatu kijana akaona tena imezidi. Ikawa hivyo kwa muda wa miezi mitatu, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Mzee alidhani injini inakula oili. Kijana alidhani mzee anamimina bila kupima, lakini je, kijana wa miaka ishirini na mitatu atamwambiaje mzee wa kanisa kwamba hajui kupima?

Mhazini ndiye aliyeanza kuuliza. Risiti za oili zilikuwa nyingi kuliko kazi. Kamati ikatazama stoo, ikaona jerikeni yenye karibu lita tatu za oili iliyo safi, njano kama asali. Maneno yakaanza. Wakasema kijana anaitoa oili ya kanisa aiuze kwa wenye bodaboda. Mnajua jinsi maneno yatembeavyo; kabla ya kikao kuitwa, mama yake alikuwa amekwisha kuyasikia sokoni.

Mimi nilikuwa mgeni katika kikao hicho, nimekuja kwa shughuli nyingine. Kijana aliulizwa, akajibu, "Niliitoa kwa sababu ilikuwa imezidi." Mzee akasimama, wala si kwa hasira, akasema, "Mimi nimepima kwa mikono yangu kila Jumamosi, nayo ilikuwa imepungua." Kila mmoja alikuwa tayari kuapa, na kwa kuwa mmoja alikuwa mzee na mwingine mtu wa kuajiriwa, mnaelewa mizani ilikuwa inalemea wapi. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa karibu kuandikwa.

Ndipo mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akauliza swali ambalo sisi wanaume hatukuwa tumeliuliza. "Kwa nini tusiende stoo, kila mtu apime tukimwona?"

Tukaenda. Mashine ikasukumwa mpaka simitini. Mzee akavuta kijiti, akakifuta vizuri, akakiingiza ndani ya bomba mpaka kifuniko kikaketi juu ya hesi, asikizungushe, akakivuta. Oili ilikuwa chini ya alama. Kijana akakichukua kijiti kile kile, akakifuta, akakiingiza, kisha akakizungusha mpaka kikakaza, akakilegeza na kukivuta. Oili ilikuwa sawasawa kwenye alama ya juu. Kijiti kimoja, injini moja, dakika mbili hazijapita. Watu walinyamaza kimya.

Mzee ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Mzee, ningekuambiaje?"

Mzee akacheka kidogo, kisha akamshika mkono mbele ya kamati yote akamwomba radhi. Naye hakuwa mjinga, wapendwa. Kwa miaka mingi alikuwa na pampu ya petroli ya kuvutia maji mtoni, ya kumwagilia nyanya na sukuma wiki, na kitabu cha pampu ile kilimwambia waziwazi: chomeka kijiti, usikizungushe. Alifanya kama alivyofundishwa. Kijana naye alifanya kama alivyofundishwa na fundi aliyeileta mashine. Kitabu cha mashine kilitafutwa, kikapatikana chini ya mafaili, nacho kilisema kijiti kikazwe kabisa.

Vitabu havipatani, wala havina budi kupatana, kwa sababu kila kiwanda huchora alama zake kwa njia yake. Vitabu vingi vya Briggs & Stratton husema kijiti kirudishwe na kukazwa, ndipo kivutwe na kusomwa. Vitabu vya Honda vya zile injini ndogo zilizo kwenye pampu na jenereta husema kichomekwe bila kukizungusha. Vya Kohler hutofautisha: kifuniko cha kusukuma kisukumwe mpaka mwisho, lakini kifuniko cha hesi kiketi tu juu ya bomba. Hakuna kilicho sahihi kuliko kingine. Sahihi ni kile kilichoandikwa kwa injini hiyo.

Tazameni maana yake. Hesi ya kifuniko ina urefu wa kama sentimita moja, au zaidi. Ikiwa alama zilichorwa kwa kijiti kilichokazwa, nawe ukakiacha kimeketi juu, ncha yake haifiki chini inavyotakiwa. Utasoma kwamba oili ni kidogo, utaongeza, na injini itazidiwa. Ndivyo alivyofanya yule mzee. Ikiwa alama zilichorwa kwa kijiti kisichokazwa, nawe ukakikaza, ncha inazama zaidi; utasoma kwamba oili inatosha, na kumbe imepungua. Hili la pili ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa mtu huwasha mashine akiwa na amani moyoni. Sentimita moja katika bakuli pana si kitu kidogo.

Kitabu kikipotea je? Na vitabu hupotea, hasa mashine ikiwa imetolewa zawadi au imenunuliwa kwa mtu. Kwanza tafuta kibao au karatasi iliyobandikwa juu ya injini, penye jina la kiwanda na namba za modeli. Chukua namba hizo zote, si jina tu, umpelekee mwenye kuuza vipuri vyake, au kijana mwenye intaneti akutafutie kitabu cha injini hiyo. Angalieni kwamba kitabu cha mashine na kitabu cha injini mara nyingi ni viwili. Mashine ya rangi moja yaweza kubeba injini za viwanda mbalimbali, kwa hiyo jina lililo ubavuni halitoshi.

Pia iko njia ya kujihakikishia. Siku ya kubadilisha oili, mwaga yote ya zamani mashine ikiwa tambarare na injini ingali na uvuguvugu, badilisha chujio kama lipo, kisha utie kiasi kamili ambacho kiwanda kimeagiza kwa injini hiyo, kilichopimwa kwa chombo chenye alama za mililita. Usikisie kwa kopo la maziwa. Washa injini dakika moja au mbili ili chujio lijae, zima, ngoja oili iteremke. Sasa pima kwa njia zote mbili, ukikaza na usipokaza. Ile inayokuonyesha alama ya juu ndiyo njia ambayo kijiti hicho kilichorwa kwayo. Kisha chukua rangi nyeupe uandike karibu na kifuniko kwa herufi kubwa: KAZA, au USIKAZE. Lile kanisa waliandika KAZA, na chini yake wakatundika daftari dogo lenye kamba, la kuandika tarehe, kipimo, kiasi kilichoongezwa, na jina la aliyepima. Naambiwa mhazini alilipenda daftari hilo kuliko vitabu vyake mwenyewe.

Katika kuongeza, ongeza kidogo kidogo. Tumia faneli safi, mimina kama kikombe kidogo cha kahawa, ngoja dakika mbili oili iteremke, pima tena. Aharakishaye hapa ndiye atakayehangaika kuitoa baadaye. Na iwe oili ya injini za petroli za mipigo minne, si ile ya kuchanganywa na petroli kwenye misumeno. Mahali pa joto, kama Mombasa au Kisumu, ile iliyoandikwa SAE 30 hufaa sana. Mahali ambapo asubuhi ni baridi, kama Limuru, ile ya 10W-30 huiwezesha injini kuwaka kwa urahisi. Ila joto likipita nyuzi 27 hivi, injini iliyotiwa hiyo yaweza kula oili zaidi, kwa hiyo pima mara nyingi zaidi. Kitabu cha injini kikisema vingine, fuata kitabu.

Mtu mmoja ameniuliza kama ile taa nyekundu ya oili haitoshi. Haitoshi. Kwenye mashine yenye taa hiyo, taa husema habari za nguvu ya oili inayosukumwa na pampu, haisemi ni lita ngapi zilizomo. Ikiwaka, zima mara hiyo hiyo. Lakini isipowaka usidhani ya kwamba yote ni mema, maana yaweza kungoja mpaka pampu imeanza kuvuta hewa. Mashine nyingine hazina taa kabisa.

Na mwisho kuna jambo moja ambalo lisichanganywe na kisa cha mzee na kijana. Ikiwa umepima kwa njia iliyo sahihi, hakuna aliyeongeza, na daftari linaonyesha hivyo, lakini oili imepanda juu ya alama, basi nusa kijiti. Kikinuka petroli, petroli inavuja kutoka kabureta na kushuka ndani ya injini mashine ikiwa imelala. Mara nyingi ni ile sindano ndogo ya kabureta iliyokwama kwa uchafu au kulika. Oili hiyo imekuwa nyepesi, hailindi chuma tena, na mvuke wake waweza kushika moto. Usiiwashe hata kuisogeza. Funga koki ya petroli, mwite fundi atengeneze kabureta, na oili yote imwagwe itiwe nyingine; kupunguza ile iliyozidi hakusaidii. Ile iliyomwagwa ifungwe katika jerikeni mbali na moto, ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Isimwagwe mtoni, wala nyuma ya kanisa, maana huko ndiko akina mama wanakochota maji ya tangi siku ya harusi.

Saa yetu imekwisha. Wenye mashine, kesho asubuhi kabla ya kuwasha, tafuteni kwanza kile kitabu. Kwaherini.